Ruffin na Komunike Iliyokatika

Hapa Kalemie kuna watu wanaojua kazi, na kuna watu wanaojua kusema kwamba wanajua kazi. Ruffin alikuwa yote mawili, na shida ilianzia hapo. Alikuwa fundi wa redio moja ndogo juu ya bandari. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, zile amri za kuandika kwenye kioo cheusi kisicho na picha, na watu wakamwita Injenieri. Jina likamkaa vizuri, tena vizuri mno.

Zamani Evodie, mtangazaji, alikuwa akisafisha komunike, yaani matangazo ya watu, moja moja kwa mkono. Anasikiliza, anakata kikohozi, anapandisha sauti, hadi macho yamuume. Ruffin akaona huo ni ushamba. Akaandika skripti, yaani mfululizo wa amri ambao kompyuta inaufuata yenyewe, akaibatiza Fagio. Unaitupia Fagio sauti zote zilizotumwa kwa simu, inapandisha zilizo chini, inaondoa ukimya, na mwisho inaandika SAWA mbele ya kila moja. Sasa hilo neno SAWA, nisikufiche, Ruffin ndiye aliyeiambia iliandike. Fagio ingeandika SAWA hata kama ilichotoa ni upepo mtupu. Hakuna mahali alipoiambia ipime kilichoingia na kilichotoka.

Na sisi watu wa hapa tuna namna yetu ya kusema redioni. Ukimtafuta mtu wa mbali, kule milimani Pepa au Kirungu ambako simu haishiki, husemi jambo papo hapo. Unaita jina lake na la baba yake, halafu unanyamaza. Unanyamaza kwa makusudi, ili jirani mwenye redio apate kukimbia kumwita. Akishafika, ndipo unaendelea. Ruffin amekua akisikia hivyo tangu mdogo, lakini mbele ya kompyuta yake alikisahau kitu ambacho hata mtoto anakijua.

Basi, wiki moja Mama Thérèse akafiwa na mume wake, Papa Floribert, mzee aliyefanya kazi ya reli mpaka nguvu zikamwishia. Mwana wao mkubwa, Kalala, alikuwa Pepa kwenye ng'ombe za watu. Aliondoka nyumbani akiwa amegombana na baba yake, na walikuwa hawajapatana. Familia ikakubaliana kungoja mpaka Jumamosi, Kalala apate kuja kuzika. Mama Thérèse akasema komunike yake kwenye simu ya jirani, ikatumwa redioni, Fagio ikapita juu yake, ikaandika SAWA.

Kesho yake asubuhi watu walimsikia mama akiita: Kalala, Kalala wa Floribert, uko Pepa, karibia redio. Kisha ikaingia komunike ya mbuzi aliyepotea.

Evodie akamwambia Ruffin kwamba ile ya mama wa matanga imekuwa fupi mno. Ruffin hata hakugeuza shingo. Alisema wazee wanaogopa simu, wakishaita jina machozi yanawakaba. Mchana wake Mama Thérèse akaja mwenyewe, kitambaa cha msiba kichwani, akauliza kwa upole kama kuna kitu kimeharibika, maana majirani wamesikia jina tu. Ruffin angefungua faili pale pale angesikia kila kitu. Lakini bwana mkubwa huyo alikuwa na watu wawili ofisini wanaomtazama, akataka waone Injenieri ni nani.

"Mama, mashine haidanganyi," alisema. "Weye njo ulinyamaza."

Mama Thérèse akafikiri kidogo, akakubali. Ni kweli, alinyamaza. Akaomba msamaha. Ruffin akamwahidi kwamba itapita tena, na kweli aliipitisha tena, ile ile iliyokatika, Alhamisi na Ijumaa asubuhi.

Ijumaa mchana Evodie akachoka kubembeleza. Akamwekea Ruffin mbele yake ile simu ya redio inayopokea sauti za watu, akamwambia asikilize ile sauti yenyewe jinsi ilivyotumwa, kisha aseme tena habari za wazee na machozi. Ruffin akasikiliza akiwa na kitabasamu. Mama akaita jina. Akanyamaza. Kuku akasikika kwa mbali. Halafu mama akaendelea, sauti imetulia kabisa.

"Papa yako amekufa, Kalala. Alikuita mbele ya kukata roho. Tunakungojea mpaka siku ya posho, Jumamosi. Kama haukuye, nitajua ungali na hasira naye, na miye sitakuita tena."

Kitabasamu kikamganda usoni. Sauti iliyotumwa ilikuwa ndefu, na kilichotoka kwa Fagio hakikufika hata pumzi tatu. Akajikaza, akaivunja skripti vipande, akajaribu amri moja baada ya nyingine. Ile ya kupandisha sauti haikuwa na neno. Ile ya kugeuza aina ya faili, nayo salama. Akafika kwenye ile ya kuondoa ukimya, na hapo mama akakatika. Ndipo kwa mara ya kwanza akasoma maelezo ya amri hiyo mpaka mwisho. Yeye aliinakili zamani kutoka kwa mtu aliyekuwa akisafisha sauti za neno moja moja, zisizo na ukimya katikati. Kumbe alivyoiandika ilikuwa inasema: ondoa ukimya wa mwanzo, na ukimya ukirudi tena, basi, ishia hapo, tupa vyote vilivyobaki. Kompyuta ilitii. Dawa yake ilikuwa alama moja ya kutoa mbele ya tarakimu, kistari tu, ili iondoe ukimya wa katikati bila kukata maneno yanayofuata.

Aliiweka. Jioni komunike ikapita nzima, na Evodie akairudia mara mbili, jirani apate kukimbia kumwita mwenyewe. Lakini kutoka Pepa mpaka bandari ya Moba, halafu ukamate boti ya ziwani mpaka hapa, nani angefika kwa usiku mmoja? Evodie akamwambia aende kwa wafiwa awaeleze, wasogeze mazishi. Ruffin akasema ndiyo, anakwenda. Akavaa viatu. Akafika njia panda ya kwenda kwa Mama Thérèse, akawaona wanaume wamekaa nje kwenye viti vya matanga, na haya ikamshika miguu. Angesema nini, yule aliyempayukia mama mfiwa mbele za watu? Akajiambia kwamba komunike imeshapita, mambo yamekwisha tengenea. Akarudi nyumbani. Mwanaume mzima, jamani, kilomita nzima anarudi anatazama chini.

Jumamosi wakamzika Papa Floribert. Walioenda walisimulia kwamba mama alipoulizwa habari za mwanawe mkubwa, alijibu kwa macho makavu kwamba Kalala alisikia akakataa, wamfute.

Jumatatu Kalala akashuka kwenye boti. Ruffin alipopata habari, safari hii alikwenda mpaka mlangoni. Alimkuta Kalala chini kwenye mkeka, anamweleza mama yake kwamba alisikia jina lake siku tatu, akaacha ng'ombe akakaa kando ya redio anangoja neno, neno halikuja, ndipo Ijumaa ile ile akaondoka aje aone mwenyewe. Na mama anajibu kwamba kosa ni lake, uzee, alinyamaza sana. Alipomwona Ruffin akamwonyesha mwanawe: huyu ndiye Injenieri, alitusaidia. Kalala akasimama ampe mkono.

Ruffin hakuupokea. Alitamani ardhi immeze.

"Mama hakukosa," alisema. "Alisema yote. Miye njo nilimukata, na mashine yangu. Na nilimusingizia."

Mkono wa Kalala ukashuka taratibu. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: Ruffin alijua siku gani?

Ruffin angeweza kusema Jumapili. Nani angepinga?

"Ijumaa," alisema. "Muchana."

Mama Thérèse aliinua kichwa akamtazama vizuri.

"Ijumaa Papa alikuwa angali hajazikwa," alisema. "Ungetuambia, tungengoja."