Bandeji ya Goti Zima

Juzi hapa Vwawa niliona kwenye televisheni beki akiingia uwanjani na bandeji gotini. Nikajikuta natazama goti la pili.

Kaka yangu alikuwa beki wa kulipwa. Mchana mmoja wa mechi, nikiwa bado mtoto, chumba kilinuka dawa ya kuchua, naye aliuma taulo huku mama akimkanda goti la kushoto.

"Usicheze leo, mwanangu."

"Nisipocheza, mama, mkataba hawaongezi."

Kisha akafunga bandeji goti la kulia, lile zima. Nilidhani maumivu yamemchanganya.

Uwanjani nilisimama kwenye uzio, karibu naye kabisa. Mshambuliaji wa wapinzani aliuandama mguu wenye bandeji, teke baada ya teke. Leo najua bandeji ile ilikuwa ya kuwadanganya. Siku ile nilijua tu kwamba kaka amekosea, nikapaza sauti: "Kaka, bovu ni la kushoto!"

Kaka aligeuka akanitazama. Mshambuliaji naye akanitazama.

Siku hizi kaka analima kahawa Isansa, anachechemea. Watu wakimuuliza mbele yangu, husema aliteleza.