Siku Kompyuta Ilipomfufua Baba

Mateso yangu yalianza mwaka wa 1956, nikiwa na miaka kumi na moja, nilipotoka darasa la pili nikaenda kuchuma kahawa ya watu, na sikuogopa kitu, lakini aibu iliyonimaliza ililetwa na swichi.

Miaka thelathini baadaye nilikuwa fundi wa stima katika chama chetu cha kahawa huko Othaya. Kompyuta ikaletwa, na karani wetu Wangechi akaniambia, "Mzee Muriithi, nikishaifunga hii mashine, hiyo taa ya kijani bado inawaka kwa sababu inaandika. Ngoja izime ndio ukate stima." (Ati mimi niamriwe na taa!)

Ijumaa hiyo alikuwa anatoa kwenye orodha ya wanachama jina la Baba, tuliyemzika wakati wa mvua, na kuingiza langu mahali pake, kwa maana nilitaka kugombea kiti cha kamati. Saa kumi na moja akaifunga, akatoka kunawa mikono, nami, bila kuchungulia taa, nikakata stima.

Siku ya mkutano wa uchaguzi ukungu ulishuka mpaka mlangoni mwa ukumbi. Nilikuwa nimevaa koti na kofia ya Baba, watu wakumbuke nimetoka nyumba gani. Nikatoka nje kidogo kujisaidia, na niliporudi katibu alikuwa anasoma majina kwenye karatasi ya mashine.

"Nderitu wa Kagiri!"

Lilikuwa jina la Baba. Akarudia.

Mama, aliyekaa mbele, akasema polepole, "Mngojeni. Huyo huchelewa kwa kuvaa viatu."

Nikanguruma kutoka mlangoni, "Huyo tulishamzika!" na sauti iliyotoka ilikuwa ya Baba kabisa. Benchi zikaanguka, mwenyekiti akapitia dirishani. Mama peke yake ndiye aliyekuja, akashika kifungo cha koti, akaniuliza, "Nderitu, umerudi kufanya nini?" Nikavua kofia ili aone ni mimi.

Jina langu likatafutwa, halikuwako. Asiye kwenye karatasi hapigiwi kura, basi nikaenda nyumbani.

"Mashine ilikuwa bado inakuandika, wewe ukaikata," Wangechi akaniambia. "Baba yako hakuwa ameondoka, na wewe hukuwa umeingia." Akafunga sanduku la swichi kwa kufuli, ufunguo akauweka kando ya kompyuta, na hakunipa hata siku moja kabla taa haijazima. Nami sikumwomba tena kabla ya wakati.

Leo niko na miti mia nne ya kahawa, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe, na koti la Baba ndani ya sanduku. Ufunguo wa hilo sanduku anao mke wangu.