Onyo la Kila Asubuhi

Kwa muda mrefu kompyuta ya steshenari yangu pale Somanda ilianza siku kwa habari mbaya. Kabla haijawaka vizuri, maandishi meupe yalitokea kwenye kioo cheusi: diski inakaribia kuharibika, hifadhi nakala za kazi zako mara moja, bonyeza kitufe kuendelea. Nikabonyeza. Mara ya kwanza niliyasoma yote mara mbili. Baadaye nilibonyeza huku natafuta chenji ya mteja.

Lakini sikutulia hata siku moja. Onyo gani hili lisilosema lini? Inakaribia, inakaribia, na jioni naizima ikiwa nzima. Nilichapa barua za watu sikio moja likiwa kwenye boksi la kompyuta, nasikiliza kama diski inagonga, dalili ya kufa. Bodaboda ikipiga resi nje, nashtuka. Niliichukia ile mashine kama mgonjwa anayetoa wosia kila siku, halafu anaomba chai.

Kazi za wateja hazikuninyima raha. Shida ilikuwa video moja ya mama. Nilimrekodi kwa simu nyumbani Nkololo akichambua pamba, msimu wake wa mwisho. Simu iliibwa, video ikabaki kwenye kompyuta tu. Inaanza mama akiinua uso na kusema, "Mwadila," salamu yetu ya mchana. Baba akija mjini siku ya mnada alipitia dukani, akakaa kwenye stuli, na mama akisema "Mwadila" yeye aliitikia kwa sauti hadi wateja wakageuka. Hakuwa na kitu kingine chenye sauti ya mkewe.

Nilimweleza habari za onyo. Baba amefuga maisha yake yote.

"Maksai akiumwa unamtoa kwenye nira, mayu," alisema; ndivyo kikwetu baba anavyomwita binti yake. "Unamfunga aliye mzima."

Nikaona ni akili. Nikanunua diski mpya ya kuchomeka, inang'aa, haina onyo lolote, nikahamishia video huko. Sikunakili, nilihamisha kabisa, ili ile gonjwa ipumue. Wiki ile nililala vizuri.

Diski mpya ilikufa kabla mvua hazijaisha. Haikuonya, haikugonga, haikupata hata joto. Asubuhi moja niliichomeka, taa haikuwaka, basi. Na ile gonjwa ikatoa onyo lake kama kawaida, ikafanya kazi. Nililia kwa hasira. Nilitaka kuipiga teke, lakini fundi niliyempigia simu alinikataza hata kuigusa.

"Zima kabisa, dada. Ulichohamisha huwa kinabaki mle mle kilimotoka, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Umeandika mangapi tangu siku hiyo?"

Nilifikiria barua, wasifu wa waomba kazi, kadi za harusi. Nikaizima.

Akaja akaichukua. Zile siku nilikuwa nafungua duka, nafunga, nafungua tena. Naanza kufagia naacha katikati. Simu ikiita nusu niidondoshe. Nilikuwa naiombea uhai diski ile ile niliyokwisha kuzoea kuambiwa inakufa, na sasa nililiamini onyo lake kila neno. Siku moja tu, nilisema peke yangu, kama mwendawazimu. Ikae siku moja tu.

Ilikaa. Fundi aliitoa video, ila mwanzo wake ulikuwa umeshaliwa na kazi za wateja. Sasa inaanza mama akiwa ameshainama kwenye pamba, ananigombeza niache kumaliza chaji. Nilishukuru sana. Sauti ilikuwa yake, mikono ilikuwa yake.

Siku ya mnada baba akaja. Sikumwambia kitu, nilikosa pa kuanzia. Nilimwekea, nikasimama nyuma ya stuli. Alivua kofia, akakaa sawa, mdomo tayari. Mama akachambua, akagomba, video ikaisha. Baba akaendelea kuangalia kioo, kofia mapajani.

"Mayu," aliniuliza, "leo mbona hajanisalimia?"