Maziwa Yasiyo na Mtoto

Maziwa yalinitoka asubuhi nikifua, nyumbani kwetu Isevya, mwaka wa pili wa kumeza vidonge vya kunyamazisha sauti kichwani. Sikuwa nimeona siku zangu kwa miezi mitatu, na mume wangu, anayelima tumbaku Usinge, alikuwa amekuja mara moja akarudi shambani. Mimi na ujuaji wangu sikumuuliza mtu. Nilijumlisha mwenyewe.

Mama mkwe aliliona doa kifuani kabla sijajifunika. Tangu niugue alikuwa akificha visu na kunisemesha neno mojamoja. Siku hiyo alininyang'anya beseni.

"Kaa, mwanangu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Jioni alinipikia uji wa karanga wenye asali, akaketi kunitazama nikinywa. Kisu kilirudi jikoni. Kwa wiki mbili nilikuwa na mtu wa kula naye, na nilifurahi mno.

Kliniki nilifuata vidonge tu. Muuguzi aliposikia habari yangu alinipima mkojo. Hakukuwa na mimba.

"Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini," alinieleza. "Ina vipokezi, tuseme viti vyake. Ikikaa, ujumbe unapita. Dawa yako inaviwahi vile viti, ndiyo maana sauti zimepungua. Lakini chini ya ubongo kuna tezi, na huko dopamini kazi yake ni kuyazuia maziwa. Nako dawa imekalia kiti."

"Kwa hiyo hakuna mtoto?"

"Hakuna, dada. Ila usiache dawa. Daktari atakubadilishia."

Nilimfokea, nikamuuliza ni dawa gani hiyo isiyochagua pa kukaa. Alinishika mkono, akanipeleka kwa daktari.

Mama mkwe alikuwa uani akipepeta karanga. Nilimweleza yote, hata ya viti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaendelea kupepeta. Kesho yake nilitafuta kisu cha kukatia mchicha nikakikosa.

Dawa mpya ilinikubali. Sauti hazikurudi, na maziwa yalipungua kidogo kidogo. Kila asubuhi nilijikamua bafuni kuona kama bado yapo. Siku nilipokosa hata tone, nililia kwa nguvu nikasahau kwamba nasikika.

Mama mkwe aligonga mlango.

"Zimerudi zile sauti?"

"Hapana, mama," nilimjibu. "Ni mimi tu."