Kibuyu Kisicho na Maziwa

Kule mlimani Mukankuranga alitunga nyimbo nyingi kuliko watoto aliowazaa, na watoto hakuwazaa wachache. Zilimjia asubuhi, akisukasuka maziwa kwenye kibuyu yatoe siagi. Maziwa yalipiga huku, yakapiga kule, na katikati ya mlio huo maneno yaliingia yenyewe. Kwaya ya kanisa lao iliimba za kwake tu.

Vita vilipomteremsha yeye na watu wake hadi Baraka, mji wa ufukweni mwa ziwa, ng'ombe hawakufika. Kibuyu kilifika. Basi kila kulipopambazuka aliweka kigoda chake palepale nyuma ya nyumba, ziwa kisogoni, milima usoni, akapakata kibuyu kitupu na kukisukasuka. Usimcheke. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu hushika desturi kwa meno. Alipatamani kwao mpaka kifua kikamuuma, na aliamini kwamba siku atakayokosa kuketi pale ndiyo siku wimbo utakapokuja na kumkosa.

Lakini uliokuja ulikuwa uleule. Éliezer, kiongozi wa kwaya, alimsikiliza hadi mwisho akikuna kidevu.

"Mama, hii wimbo njo ile ya Noeli. Umebadilisha maneno tu," alisema kwa upole. "Na Pentekoste iko karibu. Kama ingine haikuje, tutaimba za batu ba Uvira."

Mukankuranga alirudi nyumbani akiwaza. Nyimbo zake zikikoma, nani angewaimbia watoto juu ya malisho waliyoyaacha? Wadogo walishaanza kuyasahau. Akazidisha bidii. Aliwahi zaidi kuamka, akasuka zaidi, na wimbo wa Noeli nao ukarudi zaidi.

Jirani yake, Mama Zaina, alikuwa mwenyeji wa ufukweni, Mwislamu mwenye maneno mepesi, na kazi yake ilikuwa kuanika ndakala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga nje ya ua. Walisalimiana vizuri, lakini Mukankuranga hakuwahi kuwagusa samaki wake. Kwao, mkono ulioshika samaki haukaribii maziwa, ng'ombe wasije wakadhurika.

Asubuhi moja, kibuyu kikiwa mapajani, wingu zito lilikuja mbiombio kutoka Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Mama Zaina alikuwa peke yake, anahangaika na turubai.

"Mama, kuya unisaidie, ndakala yangu itaoza," aliita. "Miaka yote siye tunajua mugongo yako tu. Leo geuka."

"Samaki siwezi kugusa. Ngombe zitapata mubaya."

"Ngombe gani, Mama?"

Hakuuliza kwa ubaya. Hata hivyo Mukankuranga alikaa na swali lile kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Miaka yote hiyo alikuwa akiwalinda ng'ombe ambao hawapo. Akakiweka kibuyu chini, akageuka kulielekea ziwa, akaenda.

Walikusanya ndakala kwa mikono miwili, harufu ikimpanda puani, wakawafunika turubai mvua imeshaanza. Ilipopungua, maji yalikuwa yamejaa katikati ya turubai. Mmoja alishika ncha hii, mwingine ile, wakainua ili wayamwage. Maji yakapiga huku, yakapiga kule.

Mukankuranga akasimama kama aliyeitwa jina.

"Usimwage kwanza," alisema. "Suka."

Mama Zaina alidhani baridi imempanda jirani yake kichwani, lakini alisuka. Maji yalikwenda na kurudi, mazito, polepole kuliko maziwa, na juu yake ukaja wimbo ambao Mukankuranga hajawahi kuusikia. Aliuimba palepale akinuka samaki. Haukuwa wimbo wa malisho. Ulikuwa wa watu waliosimama mchangani wakitazama juu, walikotoka. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimuuma.

Siku ya Pentekoste kwaya iliuimba mpaka watu wakasimama. Walipotoka, bibi mmoja aliyeteremka juzijuzi kutoka mlimani alimshika mkono na hakumwachia.

"Hii wimbo iko nzuri, mwanangu. Lakini siijue. Iko ya kwetu wapi?"

Mukankuranga alifungua kinywa alitaje lile bonde lao la mlimani, kama alivyozoea kulitaja kila alipoulizwa.

"Iko ya hapa," alisema.

Tangu ateremke hakuwahi kulitamka neno "hapa" kama la kwao. Akainamia bega la yule bibi, akawalilia ng'ombe wake kwa mara ya kwanza.