Mtani Kwenye Msiba wa Getruda

Lori la Velji, mwenye duka la kaniki, lilikuwa limekwisha kuvuka mito miwili mikavu tangu litoke Tabora. Abasi alikaa juu ya majora ya kaniki pamoja na msafiri mmoja mgeni aliyekuwa akielekea Ujiji. Njia ilikuwa ile ile ya misafara. Zamani wapagazi waliipita na pembe mabegani. Siku hizi kaniki huenda na nta hurudi.

Kilio kilisikika kabla injini haijazimwa. Wakashuka wote wawili; Abasi hakuwahi kufika kijiji kile, wala msafiri. Dereva akasema anakwenda kupakia nta kijiji cha mbele, na saa tisa atapita tena akirudi Tabora.

"Usinisubiri," Abasi alimjibu. "Nimefiwa na mke. Nitakaa matanga."

Alikuwa Mzaramo, mfanyakazi wa reli. Miaka kumi na tisa alikaa na Getruda chumba kimoja kule Isevya, mtaa wa Tabora, yeye akigonga mataruma, Getruda akikaanga maandazi. Padri hakukubali kumfungisha ndoa na Mwislamu. Shehe alitaka kwanza Getruda aitupe rozari yake, na Getruda hakuitupa. Basi wakakaa hivyo hivyo. Alipougua, kaka yake Sylvester, katekista, alikuja kumchukua, akamwambia Abasi asimfuate, asimtie aibu mbele ya waumini. Habari ya kifo aliletewa na dereva.

Na Tabora nzima ilimjua Abasi kwa jambo lingine. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana kazi yake: humwiga marehemu, huwatukana wafiwa, huzuia kaburi mpaka apewe kuku. Kila watu wana namna yao ya kumzuia mfiwa asimfuate maiti wake. Kuna miji wanakokodi waliaji, kuna nchi wanakonyamaza mpaka mtu apasuke. Huku huchekesha. Abasi alichekesha misiba isiyo na idadi, mpaka Getruda akamwambia siku moja, "Mimi nikifa usicheze. Kaa chini ulie kama watu."

Sylvester alimpokea uani.

"Afadhali umefika. Tulikosa mtani."

"Shemeji, nimekuja kumzika mke wangu. Nionyeshe mkeka wa wafiwa nikae."

"Usiniite shemeji mbele za watu." Sylvester alishusha sauti. "Ndoa gani? Padri hakuiona, shehe hakuiona. Kwetu wewe ni mtani. Kama mtani, karibu sana. Kama mume, lori halijafika mbali."

Kabla Abasi hajajibu, shangazi wa Getruda, Apolinaria, alikwisha kumtambua.

"Ehee! Si yule Mzaramo wa Isevya huyu? Amesikia harufu ya ubwabwa huko huko!"

Wanawake waliokuwa wakilia walianza kucheka na makamasi yao. Apolinaria akamtupia kanga ya Getruda, ile ya zambarau, ingali na harufu ya mafuta ya maandazi.

"Haya mtani! Tuonyeshe alivyokuwa akitembea na mguu wake ule mbovu."

Abasi aliishika kanga. Hakuna aliyeujua mguu ule kuliko yeye; yeye ndiye aliyeukanda kwa maji ya moto kila masika. Aliwatazama, akaona kwamba mkekani hakuna mahali pake. Lakini mtani akisema neno, hakuna wa kumzuia. Akajifunga kanga kiunoni, akafuata sauti za majembe mpaka makaburini, watu nyuma yake, akaruka ndani ya kaburi na kulala chali.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele.

"Mpeni kuku!" walijibu wachimbaji, wakicheka tayari.

"Sitaki kuku! Huyu ni mke wangu! Miaka kumi na tisa! Mlimchukua akiwa hai, hamkunipa hata nafasi ya kumuaga!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja alishika mbavu.

"Mke wako? Nani angekupa binti yetu, mla nazi wewe!"

"Alinipa mwenyewe!" Sauti ikakatika, Abasi akalia. Alilia mdomo wazi, mchanga ukimwingia kinywani. Na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka.

"Lo, Mzaramo anajua kulia! Kuku mmoja hamtoshi, ongezeni!"

Sylvester peke yake hakucheka. Aliinama ukingoni, akamnyooshea mkono.

"Umekwisha kusema," alimwambia kwa upole. "Kwa kuwa umesema kama mtani, nimekusamehe. Toka sasa tumzike."

Abasi akatoka, kwani maiti alikuwa amekwisha kuletwa, na hakutaka Getruda angojeshwe juani.

Ndugu waliitwa kwa majina, mmoja mmoja, watie udongo. Abasi alisimama na kanga kiunoni mpaka jina la mwisho. Hakuitwa. Alipoinama achukue konzi ya udongo mwenyewe, watu wakacheka tena, akauacha ukamwagika.

Saa tisa lori lilirudi na nta. Abasi akapanda. Matanga angeyakalia wapi? Apolinaria alimkimbilia, akarusha kuku wawili waliofungwa miguu juu ya magunia.

"Haki yako, mtani! Na kanga uende nayo! Leo umetutoa machozi!"

Lori likaondoka, naye Abasi akaiangalia njia iliyokuwa mbele.

Msafiri wa Ujiji alibaki, kwa kuwa njia yake ilikuwa ya magharibi. Wakamkaribisha ugali pamoja na wafiwa. Kijana mmoja aliinuka akaigiza alivyolia Mzaramo, mdomo wazi, mikono kifuani, na watu wakacheka mpaka vyombo vikatetemeka. Sylvester aliendelea kula. Msafiri, aliyemsikia Abasi akisema na dereva, alitaka kusema neno, akamega tonge.