Mabega ya Ntobeye

Pancras alikuwa na sugu kubwa begani, na tulimtania kwamba hilo ndilo shamba lake la pili. Kila machela iliyotoka kilimani kwetu Ntobeye, mbele alishika yeye. Kwetu mgonjwa hakusubiri gari, alibebwa hadi hospitali. Wanaume wa kitongoji walikuwa na zamu ya kubeba, na aliyekwepa zamu alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Mwanamke hakugusa mti wa machela, ulikuwa mwiko.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wakajaa kambi ya Benaco. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, nasi tukangoja kupona. Mahindi ya msaada yakaingia kwa malori, mengine yakaishia sokoni kwa bei ya kutupa. Wenye malori waliozoea kununua mavuno yetu wakakimbilia kusomba ya msaada, maana huko ndiko kwenye malipo. Aliyekubali kupanda kilima chetu alitaka nauli kubwa kuliko bei ya gunia lenyewe. Basi mahindi yakabaki vihengeni, fukusi wakala wakashiba.

Wanaume wakafuata malori, wakawa wapakuzi wa magunia Benaco. Pancras alichelewa kuondoka kwa sababu mkewe, Deodata, alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza.

“Mahindi hayauziki, mama,” aliniambia mimi jirani yake. “Mtoto nitamfunika magunzi?”

Akaenda kutafuta hela ya kanga na sabuni, akaahidi kurudi Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Deodata akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Nilipiga yowe hadi sauti ikakauka. Wakatoka wazee wawili, mmoja anatembelea mkongojo. Nilipandwa na hasira ambayo hadi leo haijashuka. Kilima kizima cha wanaume, wote wako Benaco wanabeba magunia!

Nikashika mti wa machela. Anjelika, mama mzazi wa Deodata, akashika mbele. Wanawake wengine wakaja. Mzee mmoja akaanza kutukumbusha mwiko, nikamwambia basi abebe yeye. Akasogea kando, tukapita.

Tulifika barabara kuu mabega yamechubuka, hospitali bado mbali. Malori yakapita, yamejaa mahindi. Tukapunga kanga, tukalia. Madereva walikuwa wamekatazwa kupakia watu. Mmoja alipunguza mwendo, akamtazama Deodata, akakanyaga mafuta. Kazi yake naijua, ila kumsamehe sijaweza. Deodata alikata roho pale kando ya barabara, mtoto tumboni, na mimi nampangusa vumbi usoni.

Habari ilimfikia Pancras jioni. Alikuja mbio, amekumbatia kanga mpya mbili.

“Mama, mbona hamkuniita?” akamuuliza mkwewe.

“Tuliita, mwanangu,” Anjelika akajibu. “Tuliwaita wote.”

Pancras akakaa chini uani, akalia kama mtoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Kesho yake wanaume wote wa kitongoji walirudi kuzika. Walijipanga kwa zamu kama zamani, wengine wakasukumana wapate nafasi kwenye machela. Kaburi tulikuwa tumelichimba hapo hapo nyuma ya migomba ya Deodata, na kabla hata wa zamu ya kwanza hawajapokewa walikuwa wameshafika kaburini.